Msomaji Anajua, Mhusika Hajui: Kinaya cha Kidrama Kinavyofanya Kazi

Kuna malalamiko mawili ambayo hayakosekani kila sehemu mpya ya hadithi ya katuni inapotoka. La kwanza: "Huyu mhusika ni mjinga kiasi gani? Adui kasimama nyuma yake na hashtuki!" La pili: "Mwandishi katuharibia. Katuambia mapema muuaji ni nani, sasa tunasoma ili iweje?" Wanaosema hivyo huwa wamekerwa kwelikweli. Lakini sehemu inayofuata ikitoka, hao hao ndio wa kwanza kuifungua. Kinachowakera ndicho kinachowarudisha, nacho kina jina: kinaya cha kidrama.

Neno kinaya lenyewe limebebeshwa mizigo isiyo yake. Siku hizi jambo lolote la kushangaza ni kinaya. Marafiki wakikutana wamevaa mashati yanayofanana, utasikia "kinaya hicho!" Hapana, hiyo ni sadfa. Mtu akiteleza mbele ya wageni, hiyo ni aibu tu, pengine na maumivu ya kiuno. Kinaya kinataka mgongano. Kinachosemwa kigongane na kinachokusudiwa, au kinachotarajiwa kigongane na kinachotokea, au anachokijua mmoja kigongane na asichokijua mwingine.

Tumchukue mwizi mmoja atusaidie. Usiku kucha anavunja nyumba za watu, alfajiri anarudi kwake anakuta mlango umevunjwa na vyombo vyote vimebebwa. Hicho ni kinaya cha hali: alichowafanyia wenzake kimemrudia. Jirani anayeijua vizuri kazi yake akija kumwambia, "Pole sana ndugu yangu, mtu mwaminifu kama wewe!" hicho ni kinaya cha maneno, na kwa sababu kina makali ndani yake, wengi watakiita kejeli.

Sasa tubadilishe mpangilio wa usimulizi tu. Kabla mwizi hajarudi, tuonyeshwe kwanza nyumba yake ikikombwa. Kisha tuletewe mwizi yuko njiani, kifua mbele, anamwambia mwenzake, "Kufuli la kwangu nimelichagua mwenyewe. Hajazaliwa wa kulifungua." Tukio ni lile lile na hasara ni ile ile, ila sasa kila neno linalomtoka linasikika mara mbili: yeye analisikia kwa fahari, sisi tunalisikia kwa kicheko, au kwa huruma kama ametuingia moyoni. Hapo ndipo kinaya cha kidrama kinapozaliwa. Hadhira inajua jambo zito ambalo mhusika halijui, na mhusika anasema au anatenda kwa kutolijua.

Ni sawa na kusimama nyuma ya wacheza karata ukiona mikono yao yote. Mmoja anatupa karata yake kwa kujiamini, na wewe unauma ulimi kwa sababu umeshaona kilicho mkononi mwa mwenzake. Huruhusiwi kusema. Nusu ya utamu iko hapo, kwenye kutoruhusiwa kusema.

Nusu ya pili ya ile fasili husahaulika mara nyingi. Pengo la maarifa peke yake halitoshi. Msimulizi akitudokezea kwamba mhusika ana ndugu asiyemfahamu, hiyo bado ni siri tu. Itageuka kinaya siku huyo mhusika atakapomtukana mtu fulani, amfukuze mlangoni kwake, na sisi tujue aliyefukuzwa ni nani.

Wanafasihi wanapolieleza jambo hili huanzia kwa Wagiriki, na wana sababu. Katika tamthilia ya Sophocles ya karne ya 5 kabla ya Kristo, mji wa Thebes umepigwa na tauni. Habari inaletwa kwamba tauni haitaondoka mpaka aliyemuua mfalme wa zamani, Laius, aondolewe mjini. Mfalme Oedipus anasimama mbele ya watu wake na kumlaani muuaji huyo asiyejulikana. Haishii hapo. Anasema hata muuaji akipatikana ndani ya nyumba yake mwenyewe, na yeye akawa anajua, basi laana hiyo hiyo imshukie. Kisha anaahidi kumpigania Laius kana kwamba alikuwa baba yake mzazi.

Waliokaa kutazama walikuwa wanaijua hadithi hiyo ya kale. Walijua kwamba aliyemuua Laius ni Oedipus, na kwamba Laius alikuwa baba yake kweli. Kwa hiyo "kana kwamba alikuwa baba yangu", ambayo kwake ni njia ya kuonyesha bidii, masikioni mwao ni kiama. Hakudanganya, wala hakukosa akili. Ni mtu yule yule aliyefumbua fumbo la Sphinx, lile zimwi la hadithi za Wagiriki, lililowashinda wengine. Anazungumza kwa nia njema kabisa, na ni ile nia njema inayokaza kitanzi.

Mwaka 1833 mwanazuoni wa Uingereza, Connop Thirlwall, aliandika insha kuhusu kinaya cha Sophocles, na baada yake wahakiki wakazoea kulitumia neno hilo kwa pengo la aina hii jukwaani. Watunzi walikuwa wameshaitumia mbinu yenyewe zaidi ya miaka 2,200 kabla ya hapo.

Tukirudi kwa anayelalamika kwamba ameharibiwa hadithi: yeye anaamini raha yote ya hadithi ni kutojua kinachokuja. Hiyo ni raha mojawapo, na si kubwa kuliko zote. Shakespeare anaifungua Romeo na Juliet kwa dibaji inayosema wazi kwamba wapenzi hawa watakufa, na watu wanaitazama hadi leo. Mwishoni Romeo anaingia kaburini akidhani Juliet amekufa. Anamtazama usoni na kushangaa kwamba midomo na mashavu yake bado yana wekundu. Ushahidi kwamba msichana yu hai uko mbele ya macho yake, ameuona, ameutaja kwa kinywa chake, na bado anakunywa sumu. Kama tusingejua kwamba Juliet amelazwa tu na dawa, mstari huo ungetupita kama sifa ya urembo. Kwa kuwa tunajua, hauvumiliki.

Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alilieleza hili vizuri kuliko vitabu vingi, katika mazungumzo yake ya mwaka 1962 na Mfaransa François Truffaut. Watu wawili wameketi mezani, wanapiga soga. Chini ya meza kuna bomu. Kama hadhira haijui, bomu litalipuka ghafla na hadhira itashtuka kwa sekunde 15. Sasa hadhira iwe imemwona mtu akilitega, inajua litalipuka saa saba mchana, na saa ya ukutani inaonyesha saa saba kasorobo. Soga ile ile isiyo na maana inageuka mateso. Watazamaji wanatamani kupiga kelele: acheni upuuzi, tokeni hapo! Umewapa dakika 15 za taharuki badala ya sekunde 15 za mshtuko, na bomu ni lile lile.

Hitchcock huyo huyo aliwahi kuikosea mbinu hii, na alikiri. Katika filamu yake ya Sabotage ya mwaka 1936, mvulana anatumwa kupeleka mzigo, hajui kwamba ndani yake kuna bomu lililotegwa lilipuke saa nane kasorobo mchana. Sisi tunajua. Mvulana anacheleweshwa na hili na lile njiani, anapanda basi, saa inazidi kusogea, na bomu linalipuka naye akiwa ndani. Watazamaji walichukia, na baadaye Hitchcock alisema hakupaswa kufanya vile. Mtu aliyebebeshwa wasiwasi muda wote huo anadai alipwe kitu: nafuu, au angalau kifo chenye maana. Akikosa vyote viwili, anaona amechezewa.

Kuhusu kudokezewa mwisho, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, walichapisha mwaka 2011 majaribio ambamo wasomaji wa hadithi fupi waliodokezewa mwisho walizifurahia zaidi kidogo kuliko wasiodokezewa. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, kwa hiyo nisingeupiga mtu huo utafiti usoni kwenye mabishano. Na kwa vyovyote kuna tofauti ambayo mabishano hayo huiruka. Rafiki akikutobolea siri kabla hujafungua kitabu, amekupa maarifa ambayo mwandishi hakuyapangia mahali. Mwandishi akikupa maarifa hayo ukurasa wa pili, amekupa kwa makusudi, na kurasa zote zinazofuata zimeandikwa kwa kujua kwamba unayo.

Katuni sasa. Jukwaani na kwenye filamu, muda uko mikononi mwa mwongozaji. Kwenye katuni muda uko kwenye kidole cha msomaji, na hilo linabadilisha mambo mengi.

Fikiria ukurasa wenye fremu nne. Katika ya kwanza, msichana ameketi mezani usiku, anaandika. Nyuma yake dirisha limefungwa. Kiputo cha maneno kinasema, "Leo angalau niko peke yangu." Fremu ya pili imechorwa vile vile, kwa pembe ile ile, bila neno hata moja, ila dirisha liko wazi na pazia limeinuliwa na upepo. Fremu ya tatu inausogelea uso wake. Anatabasamu. "Utulivu mtupu." Katika ya nne hatuuoni uso wake tena. Tunaona mgongo wa kiti, na mkono uliovaa glavu nyeusi ukiwa umeushika.

Hakuna mahali mchoraji aliandika "hatari". Maneno yote ni ya msichana na yote ni ya amani. Hatari iko kwenye mandharinyuma, na mandharinyuma yamechorwa kwa ajili yetu. Mchoraji ameugawa ukurasa: viputo amempa mhusika, mgongo wake ametupa sisi.

Halafu kuna nafasi nyeupe kati ya fremu na fremu. Scott McCloud, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu sanaa ya katuni, alieleza kwamba msomaji mwenyewe ndiye anayekamilisha kinachotokea kwenye nafasi hiyo. Aliyefungua dirisha hatukumwona. Tumemfungulia wenyewe, kichwani, kati ya fremu ya kwanza na ya pili. Ndiyo maana kinaya cha katuni kinaweza kumfanya msomaji ajisikie mshiriki wa uovu kuliko filamu inavyoweza.

Na jicho la msomaji halina adabu. Ukurasa ukifunguka, kabla hajasoma fremu ya kwanza ameshaona kwa pembe ya jicho kitu cheusi huko chini. Anasoma "niko peke yangu" huku tayari ana shaka. Mwandishi wa riwaya hana kitu hiki, kwa sababu sentensi ya mwisho ya ukurasa haionekani kwa mtazamo mmoja. Wachoraji wanaojua kazi wanalitumia. Jambo ambalo hawataki tulione mapema wanalificha nyuma ya ukurasa unaogeuzwa. Jambo ambalo wanataka tulijue kabla ya mhusika wanaliacha lionekane chini ya ukurasa ule ule. Kwenye katuni za kusogeza kwa simu kazi hiyo inafanywa na urefu wa nafasi tupu kati ya picha na picha. Kidole kinateremka, na huku kinateremka unaomba kisifike.

Sasa futa ile glavu nyeusi. Chora mkono ulioshika maua, na nyuma yake marafiki watano wamejibana pumzi wasicheke, wamekuja kumshtukiza kwa siku yake ya kuzaliwa. Fremu tatu za kwanza usiziguse. Pengo la maarifa ni lile lile, msichana bado hajui, sisi tunajua, na ukurasa uliokuwa wa kutisha umekuwa wa furaha. Wanaodhani kinaya cha kidrama ni mali ya tanzia wamesahau kwamba vichekesho vingi vinavyojengwa juu ya kujificha chumbani, kuvaa nguo za mwingine au kudhaniwa mtu mwingine vinaendeshwa na injini hii hii.

Mfano wa kuchekesha ambao unajulikana duniani kote ni Garfield, paka wa Jim Davis aliyeanza kuchapishwa tarehe 19 Juni 1978. Garfield hasemi, anawaza. Mawazo yake yako kwenye viputo vya mawazo: sisi tunayasoma yote, na bwana wake, Jon, anaendelea kuongea na paka wake bila kupata lolote. Jon anajitapa kuhusu miadi yake ya jioni. Paka ameshamtolea hukumu hapo hapo pembeni. Kicheko chote kiko kwenye umbali kati ya viputo viwili.

Kuna aliyetusaidia kuuona umbali huo kwa kuuondoa. Dan Walsh wa Ireland alizichukua katuni hizo, akamfuta Garfield, akamwacha Jon alivyo, na mwaka 2008 kazi hiyo ikatoka kama kitabu kwa idhini ya Davis mwenyewe. Kilichobaki ni mwanamume anayezungumza peke yake katika chumba kitupu, fremu baada ya fremu. Neno lake halikuongezwa wala kupunguzwa. Kilichotolewa ni yule aliyekuwa anatukonyeza, na bila yeye, utani uligeuka upweke.

Lawama kwamba mhusika ni mjinga inamwangukia Lois Lane kuliko mtu yeyote. Katika hadithi ya kwanza ya Superman, ya Jerry Siegel na Joe Shuster, iliyotoka mwaka 1938, Clark Kent anatoka na Lois kwenda kucheza dansi. Jambazi mmoja anawaingilia, na Clark anajifanya kuogopa. Lois anamwambia wazi kwamba ni mwoga, anaondoka. Punde si punde anatekwa na jambazi huyo huyo na kuokolewa na Superman, na Superman huyo sisi tunajua ni Clark mwenyewe bila miwani. Tangu hapo wasomaji wameuliza: inakuwaje mwandishi wa habari mahiri ashindwe kuona kwamba tofauti ni miwani tu?

Swali hilo linamtaka Lois ajue alichoonyeshwa msomaji. Sisi tuliingizwa chumbani Clark akibadilisha nguo. Yeye hakuwahi kuingizwa. Katika ulimwengu wake hakuna anayemtafuta Superman miongoni mwa waandishi wa habari waoga, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba Superman ana maisha mengine. Kipimo cha haki ni hiki: mhusika, kwa yale aliyoyaona na kuyasikia yeye, ametenda kama ambavyo mtu mwenye akili angetenda? Kama ndiyo, kinaya ni halali. Kama ameona ushahidi mara kumi na bado mwandishi anamlazimisha asitambue ili hadithi isiishe, hapo lawama ni ya haki, ila imwendee mwandishi.

Na ukweli ni kwamba kwa Lois, miaka ilipozidi kusonga, lawama ilianza kuwa ya haki. Pengo la maarifa lina gharama ya kulitunza. Kila mwaka siri inataka kisingizio kipya, na kila kisingizio kinamla mhusika kidogo. Waandishi walilifunga pengo hilo mwaka 1991, Clark alipomweleza Lois ukweli, na mwaka 1996 wakafunga ndoa. Kilichopotea ni utani wa zaidi ya nusu karne. Kilichopatikana ni mwanamke anayeweza kuwa na mazungumzo ya maana na mumewe, na mimi kwa upande wangu naona biashara hiyo ilikuwa na faida.

Limebaki la kutofautisha kinaya hiki na pindu la mwisho, lile la "kumbe!" Kwenye kinaya, hadhira inajua na mhusika hajui. Kwenye pindu, hadhira ndiyo iliyofichwa, na mara nyingi kuna mhusika aliyekuwa anajua muda wote. Ila hadithi moja inaweza kubeba vyote viwili: mara ya kwanza unapigwa na "kumbe", na ukiirudia, yale mazungumzo uliyoyapita kwa haraka yanakuwa kinaya kitupu, kwa kuwa sasa wewe unajua na aliyedanganywa bado hajui. Katuni hunufaika sana hapa, maana kurudi nyuma ni suala la kugeuza kurasa mbili.

Kuna kazi zinazokataa kukaa upande wowote, na ni vizuri kuzitaja ili fasili isije ikaonekana inameza kila kitu. Katika Calvin and Hobbes ya Bill Watterson, iliyoanza Novemba 1985, mvulana Calvin ana simba milia anayeongea, anayekimbia, anayemrukia akirudi shuleni. Mtu mzima akiingia kwenye fremu, simba milia huyo ni mdoli wa kitambaa. Ni rahisi kusema: kinaya, sisi tunajua ni mdoli na mtoto hajui. Lakini hatujui. Mchoraji ametuonyesha yote mawili kwa uzito sawa na hajatupa fremu hata moja ya kumkanusha mtoto wala wazazi. Ili kinaya cha kidrama kisimame, lazima tuwe na ukweli ambao mhusika anaukosa. Hapa tumepewa mitazamo miwili na hakuna aliyetuteua kuwa waamuzi. Katuni ya mwisho ilitoka tarehe 31 Desemba 1995, na swali la nani aliona sawasawa halikujibiwa.